Vitongoji vya Mji wa Unguja: Mwongozo kwa Mgeni Asiye na Haraka

Mgeni afikaye Unguja aghalabu hushuka bandarini, akaingia vichochoroni mwa Mji Mkongwe, akaitazama milango iliyonakshiwa, akanywa kahawa, akanunua kanga mbili tatu, na siku ya pili yake akaondoka hali ya kuamini kwamba mji ameuona. Simlaumu, kwa kuwa Mji Mkongwe una uzuri wake, na tangu ulipotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 sifa zake zimefika hata kwa wasiojua Unguja iko bahari gani. Lakini aliyekomea Darajani hajajua ni nani waliokuwa wakiujenga mji ule, wala wenyewe walikuwa wakilala wapi. Masultani waliosimamisha majumba ya Forodhani, walipotaka raha na upepo, walikimbilia mashamba. Waashi, wachukuzi, wapishi na mayaya waliowatumikia walivuka daraja jioni kwenda makwao upande wa pili, yaani Ng'ambo. Na baadhi ya waliotolewa utumwani walipewa maskani huko kusini, baidi na macho ya mabwana zao wa zamani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tarehe ya mji huu imo nje ya mji wenyewe, na huko ndiko nitakakokupeleka.

Tenga siku mbili kamili na nusu ya tatu. Ng'ambo huendwa kwa miguu, na wakati wake bora ni alasiri, jua likiisha kupungua ukali na watu wakiisha kurudi makazini, mabaraza yamejaa na kila mtu ana nafasi ya kukujibu. Njia ya kaskazini huanzwa asubuhi mapema, kwa sababu magofu mengi hayana kivuli. Upande wa kusini unatosheka na nusu siku. Epuka masika, yaani tangu mwishoni mwa Machi hata Mei, ambapo njia za Kidichi hugeuka tope na mwongozo wowote huwa hauna faida. Magari ya abiria yaendayo Bububu, na yale ya upande wa Uwanja wa Ndege, muulize mtu yeyote wa Darajani atakuonyesha yanapopakia, na nauli yake ni ndogo sana ukiilinganisha na ya teksi. Vaa nguo za staha zifunikazo mabega na magoti. Tanguliza salamu kabla ya swali: "Assalamu alaykum" kwa walioketi barazani, "Shikamoo" kwa mzee, na atakayekukaribisha kahawa usifanye haraka kumkatalia, maana katika fincani ile utapata habari ambazo hazimo katika kitabu chochote. Usimpige mtu picha ila kwa idhini yake. Ukija katika Ramadhani usile wala usinywe njiani mchana. Lakini usiuogope mwezi huo, kwa kuwa baada ya futari Ng'ambo huchangamka kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Anzia Darajani, mbele ya soko lililofunguliwa mwaka 1904, ukitazama barabara pana ipitayo hapo ikiwa imejaa magari. Barabara hiyo zamani ilikuwa maji. Palikuwa na hori la bahari lililoingia kutoka kaskazini na kuutenga Mji Mkongwe na kisiwa kilichobaki, likijaa na kupwa pamoja na bahari, na watu wakilivuka kwa daraja. Likafukiwa pande kwa pande hata ilipofika katikati ya karne ya 20 lilikuwa limekwisha kabisa. Upande wa magharibi wa hori zilikuwa nyumba za mawe na ghorofa, za Waarabu, Wahindi na Wazungu. Upande wa mashariki nyumba za udongo na makuti, za Waswahili, Wangazija, Washihiri wachukuzi, watu wa bara, na wengi miongoni mwao walikuwa watumwa au watoto wa watumwa. Serikali ya Kiingereza iliukuta mgawanyo huo, ikaupenda, na ikaupangia sheria: upande huu mawe, upande huu udongo. Vuka barabara basi, ukijua kwamba kila hatua unayoipiga hapo mtu wa zamani aliipiga akiwa na mzigo kichwani.

Ndani ya Ng'ambo usijitaabishe na ramani. Mitaa yake mingi imejitambulisha kwa miembe, nayo ni Mwembetanga, Mwembeladu, Mwembeshauri, Mwembemakumbi na mingineyo, na ijapokuwa miembe yenyewe mingine haipo tena, ukimtajia mtu jina la mtaa atakunyoshea mkono bila ya kufikiri. Tazama jinsi nyumba za zamani zilivyokaa: chini chini, baraza mbele, ukumbi katikati, ua nyuma wenye kisima au mti, na mlango ambao haufungwi mchana. Wenye nyumba hizo, kwa miaka mingi, hawakuwa wenye ardhi. Hapo kale mwenye kiwanja alikuwa akimwachia mtu ajenge kibanda chake kwa wema au kwa kodi haba. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, ardhi ya Ng'ambo ilipopanda thamani, wenye viwanja wakaanza kudai kodi kubwa, na anayeshindwa nyumba yake inavunjwa. Mwaka 1928 wapangaji waligoma, wakakataa kulipa, wanawake wakiwa mbele pamoja na wanaume, hata serikali ikalazimika kuweka sheria ya kuzuia kodi zisipandishwe ovyo. Hakuna jiwe la ukumbusho wa tukio hilo, na kwa maoni yangu lingestahiki kuliko mengi yaliyowekwa.

Mwaka huo huo wa 1928, mwanamke wa Ng'ambo alisafirishwa hata Bombay pamoja na wanamuziki wenziwe, wakaimba taarabu kwa Kiswahili, nyimbo zikatiwa katika sahani za santuri. Huyu ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyekuwa akitembeza vyungu vya udongo kabla ya kuja mjini, na ambaye baadaye Sheikh Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Kabla yake taarabu ilikuwa ni muziki wa ikulu na wa Kiarabu. Yeye aliiketisha barazani, akaifanya iseme lugha ya watu na kulia vilio vyao, pamoja na vilio juu ya hakimu dhalimu na tajiri asiye na haya. Usiku ukipita Rahaleo, kumbuka pia Bi Kidude, mwanafunzi wa njia hiyo, aliyeishi mtaa huo miaka mingi na kuimba taarabu na nyimbo za unyago hata uzeeni kabisa, mpaka alipofariki Aprili 2013. Ukisikia ngoma ya harusi nyuma ya ua, simama mbali kidogo usikilize. Ukiitwa ndani, na wewe ni mwanamke, ingia. Ukiwa mwanamume, endelea na safari yako.

Rahaleo yenyewe ilianza kuwa makao ya starehe na mikutano yaliyojengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya watu wa Ng'ambo katika miaka ya 1940, na humo ndimo ilimowekwa redio ya Sauti ya Unguja. Alfajiri ya tarehe 12 Januari 1964 wanamapinduzi waliikamata nyumba hiyo, na kutoka humo watu wa kisiwa kizima wakasikia kwamba serikali ya jana imeanguka. Sitaingia katika hukumu ya mambo yale, kwa kuwa wapo walioyafurahia na wapo waliowapoteza jamaa zao, na wote ni majirani mpaka leo. Nakunasihi tu na wewe usiulize juu ya Mapinduzi kama unavyouliza bei ya ndizi. Mwenye kutaka kukuhadithia atakuhadithia.

Kutoka hapo si mbali kufika Michenzani, ambako mandhari hubadilika ghafula: badala ya vibanda na vichochoro, majumba marefu ya ghorofa yaliyojipanga pande nne za barabara mbili zinazokutana, kila moja likienenda mpaka jicho linachoka. Mpango wake ulichorwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki katika zama za urais wa Mzee Abeid Amani Karume, aliyetaka mtu wa Ng'ambo naye aishi ghorofani, mwenye bomba la maji na taa ya umeme, na nyumba nyingi za udongo zilivunjwa kuyapisha. Wasomi wa ujenzi huyacheka. Mimi nakiri kwamba yanazuia upepo na kwamba mabaraza ya chini yamepotea. Lakini aliyewahi kulala chini ya makuti yavujayo, kisha akapewa funguo za nyumba ya zege bila ya kutoa senti, ana haki ya kutoyacheka. Panda, kwa ruhusa ya mwenyeji, ghorofa ya juu ya jengo mojawapo, ndipo utakapoona kwa mara moja paa za Mji Mkongwe, bahari nyuma yake, na Ng'ambo yote ilivyotandaa hata mashamba.

Malizia siku hiyo Kisiwandui, kwenye ofisi ya chama tawala. Humo, jioni ya tarehe 7 Aprili 1972, Mzee Karume aliuawa kwa risasi akiwa katika kucheza bao na wenziwe, na hapo hapo akazikwa. Askari wapo, omba ruhusa kabla ya kutoa kamera, na ukinyimwa shukuru uende zako. Njiani kurudi kula urojo, tena wenye bajia na ukwaju wa kutosha, kutoka kwa mama yeyote mwenye foleni ndefu mezani pake.

Siku ya pili ni ya kaskazini, njia ya kasri. Baada tu ya kutoka mjini, upande wa Gulioni, utapita jumba kubwa lililojengwa yapata mwaka 1860 katika zama za Sultani Majid bin Said, ambalo watu hulitambua kwa jina la Livingstone, kwa kuwa msafiri huyo alikaa humo mwaka 1866 akitayarisha safari ambayo hakurudi hai kutoka kwayo. Jumba ni la kutazamwa kwa nje, usipoteze muda.

Maruhubi ndipo pa kushuka. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alijenga hapo kasri la masuria wake, nalo likakamilika yapata 1882; wasimulizi husema walikuwako mke mmoja na masuria 99, hesabu ambayo naipokea kwa tahadhari, kama hesabu zote zinazoishia na tisa mbili. Mwaka 1899 moto uliteketeza kasri, na kilichobaki ni safu za nguzo nene zilizokuwa zikibeba roshani ya ghorofani, vyumba vya hamamu, na birika ambamo sasa huota mayungiyungi. Mpe mlinzi ada yake, kisha mwombe akuonyeshe hamamu kwanza, maana kwa kuzitazama njia za maji zilivyochongwa utafahamu jambo moja kubwa la vitongoji hivi vyote vya kaskazini: kwamba vilichaguliwa kwa ajili ya maji matamu. Visima vingi vya mjini vilikuwa na chumvi chumvi na uchafu, na kipindupindu kilikuwa hakikomi. Barghash ndiye aliyeyavuta maji ya chemchemi ya Bububu kwa mifereji ya mawe hata mjini, na vipande vya matao ya mifereji hiyo vingaliko pande za Saateni. Ukitoka gofuni shuka pwani, ambako mara nyingi utawakuta mafundi wa vyombo wakitengeneza majahazi na ngalawa juu ya mchanga, wakiwa na keekee na tezo mkononi.

Mbele kidogo ni Mtoni, nami nakuomba usiende Mtoni kabla ya kusoma kitabu cha Sayyida Salme. Kasri la Mtoni lilikuwa la kwanza kujengwa na Sayyid Said bin Sultan alipoingiwa na raghba ya kuhamia Unguja kutoka Maskati, yapata baina ya 1828 na 1834, na humo ndimo alimozaliwa binti yake Salme mwaka 1844. Huyu, baada ya kupendana na mfanyabiashara wa Kijerumani aitwaye Heinrich Ruete na kutoroka kisiwani mwaka 1866, aliishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kwa Kijerumani kumbukumbu za maisha yake, ambazo ni miongoni mwa vitabu vichache vya zama zile vilivyoandikwa na mtu aliyekulia ndani ya kasri. Kwa maneno yake, Mtoni walikuwa wakiishi watu zaidi ya 1,000. Mto uliopapa mahali hapo jina ulipita uani na kumwagikia baharini. Tausi, paa, mbuni na heroe wakizunguka ua bila ya kufungwa. Na mbele ya bahari lilikuwako banda kubwa la duara ambamo baba yake alikuwa akitembea huku na huko, kichwa kimeinama, akiwaza. Leo ukisimama baina ya kuta zilizobaki baada ya moto wa mwaka 1914, mahali palipokuwa ua pamenyamaza na jirani yake pamewekwa matangi ya mafuta, nawe bila ya kitabu utaona mawe matupu. Ukiwa nacho, kaa juu ya ukuta mahali penye kivuli, ufungue kurasa za mwanzo, na uyapange mabirika na vyumba kwa macho yako mwenyewe.

Kibweni, ambako Sultani Khalifa bin Haroub alijijengea kasri mwaka 1915, ni pa kupita garini, kwani jengo ni la serikali na jirani yake ni kambi ya KMKM, kikosi cha kuzuia magendo. Kamera ikae mfukoni. Beit el Ras vile vile, ambapo Sayyid Said alianza jumba kwa ajili ya watoto wake waliozidi nafasi ya Mtoni, akafa mwaka 1856 kabla halijakwisha, na sehemu kubwa ya mawe yake ikaja kuchukuliwa kwa kazi ya reli. Palipobaki pamekuwa pa elimu: walimu wa Unguja, kizazi baada ya kizazi, wamesomea hapo katika Chuo cha Nkrumah.

Reli hiyo, ambayo vijana wengi hawaamini kwamba ilikuwako, ilijengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney, ikaanza kazi mwaka 1905, urefu wake maili 7, kutoka kando ya Ngome Kongwe, kupitia katikati ya mji mahali pembamba hata abiria akaweza kunyosha mkono akagusa kuta, mpaka Bububu. Serikali iliinunua mwaka 1911, na abiria wakaacha kupandishwa mwaka 1922 baada ya motokaa kuingia. Bububu ya leo ni mji mdogo wenye soko na pwani nzuri, pwani ambako Sayyida Salme aliishi kwa muda. Kula hapo, pumzika, swali adhuhuri ikiwa u mtu wa swala, kisha ukate kulia kwenda Kidichi.

Kidichi ni maili chache kutoka barabara kuu, njia ya kupanda baina ya mikarafuu, minazi na miembe, na mwenye miguu aende kwa miguu. Juu ya kilima, Sayyid Said alijenga hamamu mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shahrazad, mjukuu wa Shah wa Iran, aliyekuwa akipenda kupanda farasi na kuwinda na ambaye, kwa simulizi ya Salme, hakuwa mtu wa kufichwa ndani. Ndani ya chumba cha hamamu kuta zimepambwa kwa chokaa iliyochongwa maua, mitende na ndege, kwa mtindo wa Kiajemi, jambo ambalo hulipati katika majengo ya Kiibadhi ya zama zile, kwa kuwa Maibadhi hawakupenda sura za viumbe. Inaonekana mume alimridhia mke hata katika hilo. Joto lilitoka chini ya sakafu, ambako moto uliwashwa. Toka nje, utazame magharibi: mikarafuu yote ile chini yako, iliyokuwa ikitajirisha Unguja, ilipandwa na kuchumwa na mikono isiyolipwa. Karibu na hapo ni Kizimbani, ambako mikarafuu ilipandwa mapema kuliko kwingine kisiwani. Ukibahatika kufika majira ya kuchuma, harufu itakuongoza.

Nusu siku ya mwisho elekea kusini. Pita Mnazi Mmoja, uitazame Beit el Amani, jengo la kuba jeupe lililofunguliwa mwaka 1925 na kusanifiwa na J. H. Sinclair, aliyependa kuba kuliko haja. Halafu panda gari mpaka njia ya Mbweni. Usitafute reli ya Chukwani, ambayo Barghash aliitandika mwaka 1879 kutoka kasri lake la mjini, mabehewa yake yakikokotwa na nyumbu kabla ya kuagizwa gari moshi dogo. Hata taruma moja halikubaki.

Shamba la Mbweni lilinunuliwa na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA mwaka 1871, wakawaweka hapo watu waliokombolewa katika majahazi ya biashara ya watumwa, kila aila ikapewa kipande cha ardhi, na wasichana wakajengewa shule ya Mtakatifu Maria, ambayo Askofu Edward Steere, mwanachuoni wa Kiswahili, alikuwa na mkono katika ramani yake. Mwalimu mkuu wake tangu 1877 alikuwa Bibi Caroline Thackeray, binamu wa mwandishi William Thackeray, aliyefundisha hapo miaka 25 na kukataa kurudi kwao. Magofu ya shule yamo ndani ya uwanja wa hoteli. Jitambulishe mlangoni, nao hawana ubakhili wa kukupitisha. Jirani pake ilikuwako nyumba ya Sir John Kirk, balozi wa Kiingereza aliyemshawishi Barghash kulifunga soko la watumwa mwaka 1873, na ambaye alikuwa pia mjuzi wa mimea, akipanda miti ya kigeni bustanini. Mingine ingali hai, tena mirefu.

Kanisa la Mtakatifu Yohana, la mwaka 1882, lipo kando ya barabara ya Mbweni. Wenyeji wake, ambao wengi ni wajukuu na vitukuu vya watu wale waliokombolewa, huwa wazi zaidi Jumapili baada ya ibada kuliko siku nyingine. Mwombe mzee wa kanisa akupeleke makaburini, ambako Bibi Thackeray amezikwa tangu 1926 pamoja na wanafunzi wake, safu moja. Gari za kurudi mjini hupita barabara kuu ya Uwanja wa Ndege mpaka usiku, lakini baada ya magharibi huja zimejaa, basi ondoka mapema upate pa kukaa.